Kichwa Chini ya Mbavu

Wapendwa, hebu nisikilizeni, na akina baba msisinzie, haya yanawahusu. Palikuwa na mama kijacho mmoja, mimba yake ya kwanza, tumbo limekuwa kubwa hata vidole vyake vya miguu havioni. Chini ya mbavu alikuwa na kitu kigumu cha mviringo. Nyumba nzima walikiita goti la mtoto. Mumewe akirudi kazini anakigusa, "Goti, hujambo?" Wanacheka mpaka basi.

Siku moja kliniki, nesi akaweka mikono pale. Akapapasa tena juu, akapapasa chini.

"Mama, hili si goti," akasema. "Ni kichwa. Mtoto ametanguliza makalio, na siku zako zimekaribia. Wiki ijayo urudi umwone daktari. Huenda akageuka mwenyewe, huenda asigeuke. Ila nyumbani usizalie."

Hofu ikamwingia. Je, wiki ile alirudi? Thubutu! Alimwambia mumewe kila kitu ni salama. Akafunga, akaomba, "Bwana, mgeuze mwanangu." Kila asubuhi anapapasa chini ya mbavu, na kitu kipo palepale. Alikiogopa kisu cha upasuaji. Lakini zaidi ya kisu alimwogopa mama mkwe wake, mwanamke mkali aliyezalia watoto wake wote nyumbani, ambaye husema wanaopasuliwa ni wavivu wa kusukuma. Alijua kabisa kwamba mwanawe anaweza kufa, na bado akanyamaza. Mnamshangaa? Msimshangae haraka hivyo.

Basi mama mkwe akaja na mafuta ya nazi kumkanda tumbo, kama desturi yao ilivyo mwezi wa mwisho. Akamlaza mkekani. Mikono ikapita taratibu, ikafika chini ya mbavu, ikasimama.

"Nani anajua habari hii?" akauliza.

"Nesi tu, Mama." Machozi yakaanza kumtoka. "Aliniambia nirudi, nikaogopa. Nilikuogopa wewe, Mama."

Jamani, akafumba macho akingoja kutukanwa. Hakutukanwa. Alipofumbua akamwona yule mama mkali anajifuta mafuta mikononi kwa kanga.

"Mwanangu, hili sijamwambia mtu. Kabla ya kumzaa mumeo nilikuwa na mtoto mwingine. Alitanguliza miguu, kichwa kikakwama. Mkunga alikuwa ameniambia mapema kwamba amekaa vibaya, nikaona aibu kwenda hospitali. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba yangu. Inuka, vaa viatu."

Sasa najua mnangoja nini. Mnangoja niseme daktari alipompima, haleluya, mtoto amegeuka! Hakugeuka. Kichwa kilikuwa palepale, na chupa ya uzazi ilikuwa imeshapasuka njiani kwenda hospitali. Alipasuliwa mchana uleule, mama mkwe akiwa amepiga magoti mlangoni, anaomba kwa sauti bila kumjali anayepita. Mtoto akatoka analia, mzima.

Nawauliza, maombi ya yule dada yalijibiwa au hayakujibiwa? Aliomba Mungu aguse kichwa cha mtoto. Mungu akaugusa mdomo wa mama mkwe. Na sisi ndivyo tulivyo. Tumeambiwa waziwazi kuna uvimbe, kuna ugonjwa, kuna mtoto wetu anapotea, tunakuja hapa kufunga na kulia, halafu tunatoka tukijibu, "Salama tu, mtumishi." Tunamwomba Mungu aondoe jambo ambalo hatujathubutu kulisema hata kwa anayelala kitanda kimoja na sisi. Lisemeni, wapendwa. Kuna mtu ataokoka.

Mnasema amina? Ngojeni kwanza, sijamaliza. Nilikuwa nazungumza na wanaoogopa, sasa nazungumza na wanaoogopwa. Baba mkali, mama mkali, mzee wa kanisa ambaye ukikohoa nyumba nzima inanyamaza. Unajisifu kwamba kwako hakuna matatizo, kwa kuwa hakuna anayekuletea. Ndugu yangu, ni nani aliyelala nyumbani kwako akiwa na kifo chini ya mbavu zake, na anachokiogopa kuliko kifo ni wewe? Leo ukifika nyumbani usingoje chakula. Kaa karibu naye, umuulize, na akikuambia, usipaze sauti.