Bi Kindi na Nguzo ya Kati

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu msikie, wanyama walipokuwa wakiezeka nyumba na kufagia nyua kama sisi, aliishi mjane mmoja, Bi Kindi. Mumewe alinyakuliwa na mwewe akiwa shambani. Alimwachia kijumba cha udongo alichokijenga mwenyewe, na ukutani, karibu na kitanda, alama ya kiganja chake ilikuwa imekaukia.

Kila asubuhi Bi Kindi aliweka mkono juu ya alama ile. "Umeamkaje, mume wangu?"

Kisha akatoka kufagia ua.

Siku moja, kraa! Mchwa walikuwa wameitafuna nguzo ya kati. Paa likainama, ukuta ukaanza kupasuka.

"Nitatengeneza mwenyewe!" akasema.

Akakata mti kwa meno, akauambua maganda, ukawa laini hata akaupapasa kwa furaha. Lakini kuusimamisha sasa! Akisukuma huku, unaanguka kule, puu! Akapiga nyundo, ikampata kidole. "Mama weee!" Akakaa chini akalia. "Wewe, mume wangu, ungeuinua huku ukipiga mluzi."

Akaenda kwa Tembo. "Shemeji, nishikilie paa kidogo tu, nibadilishe nguzo."

"Kibanda kile? Ho ho ho! Jenga kingine!"

Akaenda kwa Kifaru. Naye akacheka. "Jenga kingine, shemeji. Udongo umejaa tele!"

"Sitaki kingine," Bi Kindi alisema, lakini Kifaru alikwishampa mgongo.

Kesho yake akarudi kwa Tembo, macho chini. "Kuna maneno nimeyasikia, shemeji. Naona haya kuyasema."

"Sema!"

"Kifaru anasema umezeeka. Eti huwezi kushikilia hata paa langu."

"Mimi?"

Kisha akakimbia kwa Kifaru, akamwambia hayohayo, eti Tembo ndiye aliyeyasema.

Haukupita muda, wote wawili wakafika kwake wakitoa povu. Tembo akainua paa upande huu kwa mkonga, Kifaru upande ule kwa pembe.

"Atakayeachia kwanza ndiye mnyonge!" Bi Kindi akatangaza, akajipenyeza ndani, chwi!

Akang'oa nguzo mbovu. Akasimamisha mpya. Akashindilia udongo, ndi! ndi! ndi! Akakaza kamba. Huko nje mabwana walihema kama mivukuto ya mhunzi.

"Umechoka, Kifaru?" Tembo akauliza.

"Nani? Mimi bado hata sijaanza!"

"Haya, achieni!" Bi Kindi akaita.

Wakaachia. Paa halikutikisika.

"Nani kashinda?" wakauliza kwa pamoja.

"Mimi. Nyumba yangu imesimama. Asanteni sana, shemeji zangu."

Tembo akamtazama Kifaru. "Kumbe ametufanya vibarua!"

"Niliwaomba kwa adabu, mkanicheka," akajibu Bi Kindi.

Kifaru akakwaruza ardhi kwa kwato. "Lakini shemeji, si ungejenga nyingine tu?"

"Hiyo nyingine, mume wangu hajawahi kulala ndani yake."

Hakuna aliyecheka tena. Wakaaga taratibu, wakaondoka.

Bi Kindi akaingia ndani. Akaisukuma nguzo kwa bega, imara! Akatabasamu, akageuka kusema, "Umeona nilivyoweza?"

Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Basi, wanangu, mtu akililia nyumba yake ileile, msimwambie ajenge nyingine, mshikieni paa.