Kamba Alivyomfunga Chewa Kamba

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa na milango ya kupigia hodi na nyua za kufagia, aliishi Chewa mmoja mwenye mdomo mpana kuliko akili yake. Msicheke, wanangu. Mdomo wenyewe ulikuwa mpana kweli.

Nyumba yake ilikuwa pango la jiwe katikati ya nyasi za baharini. Ndani ya nyasi hizo walilelewa watoto wa changu, wa tasi, na wa Bi Kamba, mama mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Watoto wake walikuwa wadogo kama punje za mchele. Nje ya nyasi wasingemaliza asubuhi moja, maana kila mwenye mdomo angewameza.

Siku moja Chewa alitoka mlangoni, akatazama huku na huku, akakunja uso.

"Ebo! Mtu mzima mimi, nyasi zimeota mpaka kizingitini! Wageni watasema nyumba hii imehamwa. Taa!"

Taa, samaki bapa kama mkeka, alikuwa mpambe wake. Hakuwahi kumkatalia Chewa neno, kwa sababu hakuwahi kuwa na neno lake mwenyewe.

"Labeka, bwana!"

"Shika ufagio. Ng'oa nyasi zote, hapa na kule kwa akina Kamba. Nataka uwanja mweupe, mchanga mtupu."

"Hata mimi nilikuwa nasema, bwana!"

Mwongo. Hakuwa amesema kitu.

Bi Kamba alisikia. Akaja mbio, akiruka kinyumenyume, ti! ti! ti!

"Shikamoo, Bwana Chewa."

"Marahaba. Nani anaongea? Simwoni."

"Mimi Kamba, hapa chini ya kidevu chako. Bwana, nyasi hizi tuachie. Mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga. Ukiing'oa, mchanga utahama. Na sisi watoto wetu tutawaficha wapi?"

Chewa akacheka mpaka mapovu yakamtoka.

"Eti majani yashike mchanga! Usinifunge kamba, we kidudu. Nyasi ni uchafu."

"Uchafu mtupu!" akadakia Taa.

Na hao changu aliowala kila siku, alidhani wamekulia wapi? Hakuwahi kujiuliza. Tumbo likijaa, maswali hayana pa kukaa.

Bi Kamba akaona ukweli umegonga jiwe. Akabadili sauti, akaitia asali.

"Kweli, bwana, nimekosea. Mtu wa heshima hakai na nyasi mlangoni. Ila... lo, naogopa kusema."

"Sema!"

"Ukianza kung'oa kwetu, watu watasema uwanja mweupe ulianza kwa Kamba, Chewa akaiga."

Chewa akatoa macho. "Mimi? Nimwige kamba?"

"Ndivyo watakavyosema. Mkubwa hutangulia, bwana. Safisha kwako kwanza, usibakize hata jani. Maji makubwa ya bamvua yakishapita, wote wakishaona, ndipo uje kwetu."

"Taa! Anza hapahapa!"

"Nilikuwa nasema hivyohivyo, bwana!"

Pwaa! Pwaa! Taa akapiga mbawa zake, nyasi zikang'oka. Chewa naye akang'oa kwa mdomo. Mlango ukawa mweupe pe. Akaingia ndani, akajilaza, akajisifu mpaka usingizi ukamchukua.

Bamvua likaja. Vuuu! Mchanga usio na wa kuushika ukainuka, ukaingia pangoni bila hodi. Ukamfika Chewa tumboni, ukamfika mashavuni. Maji yakawa mazito kama uji. Alipotaka kutoka, mlango ulikuwa umezibwa, limebaki tundu la kutokeza midomo tu.

"Nakufa! Taa! Taaaa!"

Taa alikuwa ameshakimbia. Wapambe wa namna hiyo utawaona karamuni, msibani huwaoni.

Ti! ti! ti! Bi Kamba akafika. Nyuma yake nyasi za kwao zilikuwa zimesimama vilevile, na watoto wake wamo ndani, wazima.

"Hodi, bwana! Loo, uwanja umependeza. Mweupe mpaka kitandani!"

"Usinicheke, Bi Kamba. Nifungue!"

"Nikufungue? Mimi ni Kamba, bwana. Kazi yangu kufunga."

"Basi nifanye nini?"

"Sema, wote wasikie. Mchanga unashikwa na nani?"

Chewa akanung'unika. Mchanga ukamjaa kinywani. "Ny... nyasi."

"Sijasikia. Mimi kidudu, na masikio yangu madogo."

"NYASI!"

"Utazigusa tena?"

"Sizigusi! Sizisogelei!"

"Haya, chimba. Mdomo si unao?"

Akachimba, pwe! pwe!, akitema mchanga funda kwa funda, huku watoto wa changu wakimchungulia kutoka nyasini na kucheka. Akatoka amekonda, hana nyumba, akaenda kuomba hifadhi kwenye jiwe jingine. Na jiwe hilo, wanangu, alilichagua lenye nyasi mlangoni.

Asiyejua kinachoishika nyumba yake, asishike ufagio.