Meno ya Fisi Hayakauki

Nikisema natua, ninyi semeni tua, tupokee. Haya.

Natua!

— Tua, tupokee!

Nina uongo!

— Mzito au mwepesi?

Mwepesi kama mswaki!

— Basi tupe!

Hapo zamani, zamani ninayoijua mimi peke yangu, kwa hiyo msinibishie, alikuwepo Pimbi. Mdogo, mnene kiasi, mkia hana. Akaalikwa kwenye harusi ya binamu yake, juu kabisa ya mlima wa mawe, mwendo wa siku nne. Njiani hakuna mti, hakuna shamba, hakuna jirani wa kumbishia hodi. Mawe, na mawe, na mawe tena.

Pimbi akafunga shanta lake. Akatia nyama kavu, akatia viazi vikavu, akatia karanga. Chakula cha siku nne, kimepimwa, hakizidi. Na kwa kuwa mgongo wa kubeba ni wake, kila kitu alikipunguza. Mswaki wa mti akaukata, ukabaki urefu wa kidole. Unga wa mkaa na chumvi ya kusugulia meno, konzi moja tu ya mkono wa pimbi, akaufunga kwenye jani.

Anatoka tu, huyo Fisi!

"Mpwa wangu! Harusi bila mjomba?"

"Mjomba, hukualikwa."

"Tangu lini mjomba akaalikwa?"

"Basi beba shanta."

"Ningebeba, mwanangu. Lakini ona mgongo wangu ulivyoteremka. Shanta litaporomoka."

Pimbi akashusha pumzi, pfuuu! Akabeba.

Siku ya kwanza, jua la utosini, wakapumzika. Fisi akafungua shanta. Kakata! Kakata! Akala fungu lake. Kakata! Kakata! Akala na la Pimbi.

"Mjomba! Hilo langu!"

"Wewe mdogo. Utashiba kwa harufu."

Harufu yenyewe! Kinywa cha Fisi kilikuwa hakijaonja mswaki tangu azaliwe. Nzi walikuwa wakija, wakifika karibu, wanageuza.

"Na chakula kikiisha, mjomba?"

Fisi akamtazama Pimbi polepole, toka masikio mpaka kucha, kama mtu anayechagua paja buchani.

"Kikiisha, mpwa wangu, hatutakosa cha kula."

Pimbi akaelewa. Shanta likiwa tupu kabla ya kufika kileleni, kitoweo ni yeye. Akimbie? Fisi ana miguu. Apigane? Msinichekeshe! Akatoa mswaki wake, akaanza kusugua meno, kwaru, kwaru, kwaru, huku anawaza.

"Unafanya nini wewe?"

"Nasafisha meno. Kule mlimani wanayakagua mlangoni, mjomba. Mwenye meno machafu anarudishwa hapo hapo. Na wamechinja ng'ombe wawili."

"Wawili?"

"Tena wanono."

Fisi akampokonya mswaki. Kwaru, kwaru, kwaru, kakata!

"Mjomba, mswaki uko wapi?"

"Umeshuka tumboni. Mtamu kidogo."

"Umemeza? Mmoja ule ule? Jamani, mjomba! Hapa miti iko wapi?"

Pimbi akajishika kichwa. Akamzunguka Fisi mara moja, akamzunguka mara ya pili, akasimama penye mkia wa Fisi, ule wa manyoya magumu.

"Haya, mswaki huu hapa. Uzito hauna, kubeba huubebi, unakufuata wenyewe."

Fisi akauchovya mkia kwenye ule unga. Akajikunja aufikie. Mkia ukakimbia, naye akaufuata. Akazunguka, akazunguka, mpaka akaunasa kwa meno. Kwaru, kwaru, kwaru! Meno yakatoka meupe kama sahani za wageni.

"Tayari. Nyama!"

"Nyama ya nini, mjomba? Meno yaliyosuguliwa sharti yakauke. Ukiyafunikia mdomo yakiwa mabichi, uchafu wote unarudi. Achama, upepo uingie."

Fisi akaachama.

"Ha-he-hau-ha?" Yaani, yamekauka?

"Bado."

Pimbi akakaa juu ya jiwe, akafungua shanta, akala. Fisi akaona nyama. Ndo! Ndo! Ndo! Mate yakamdondoka.

"Mjomba! Umeyalowesha tena! Hata haya huoni? Haya, tunaanza upya!"

Siku ya pili wakatembea, Fisi kaachama. "Ha-he-hau-ha?" "Bado." Pimbi akala. Ndo! Ndo! Ndo! "Mjomba, wewe ni mtu wa namna gani? Upya!"

Siku ya tatu wakatembea, Fisi kaachama. "Ha-he-hau-ha?" "Bado." Pimbi akala. Lakini safari hii Fisi akafunga kinywa, kap!

"Wewe mtoto, nawe umesugua kwa kijiti. Mbona unakula?"

"Yangu punje za mchele, mjomba, yanakauka upesi. Yako ni mashoka."

"Hmm. Basi nikule wewe, harusi basi."

Pimbi akaipandisha sauti, kama mtu aliyechoshwa kabisa.

"Nile! Nile yaishe! Maana nimechoka mimi. Kipimbi kimoja, nusu yake manyoya. Ng'ombe wawili wataliwa na wenye subira."

Fisi akamtazama Pimbi. Akautazama mlima. Akamtazama Pimbi tena. Akaachama.

Siku ya nne wakafika. Pimbi kamaliza karanga ya mwisho pale pale mlangoni. Na mlangoni, hakuna aliyemkagua mtu jino. Ngoma zinalia, wageni wanakula. Mama wa bibi harusi, pimbi mzee mwenye adabu zake, akaja na sinia la nyama lenye moshi, akaliweka mbele ya Fisi.

"Karibu, mgeni wetu. Kula."

Fisi akachota kwa makucha yote, akajaza kinywa. Afunge, hakifungi! Siku tatu kasoro kidogo kiko wazi kwenye upepo. Meno hayakukauka, yaliyokauka ni mataya. Nyama ikateleza, ikaanguka chini. Ameze hivyo hivyo? Hebu jaribuni ninyi kumeza mmeachama, mnieleze.

"Ha-hi-he! Ha-hi-he!" Fisi akalia, machozi yanamtiririka.

"Masikini, anasemaje?" mama akauliza.

Pimbi akameza tonge lake kwanza.

"Anashukuru sana, mama. Anasema ameshiba."

"Mgeni mstaarabu kama huyu sijapata kumwona," akasema mama, akanyanyua sinia, akawapelekea wengine.

Ndo! Ndo! Ndo!

Fundisho sasa, maana najua mtaniuliza: usimdanganye mwenzako safarini. Pimbi alidanganya, na mmeona yaliyompata. Alikula siku nne mfululizo, akala na harusini, mpaka akashindwa kusimama, wakambeba. Mkitaka yawapate kama hayo, haya, danganyeni.

Hadithi imekwisha, mdomo naufunga. Wangu bado unafunga.