Divai ya Bi Kindi na Karafuu za Bwana Nyani

Paukwa!
Pakawa!
Kiu ilikuja na jua la kaskazi!
Ikakuta mtungi umefunikwa!
Nani kaufunika?
Tuambie wewe, sisi tumekaa!

Basi kaeni vizuri, na wewe uliyenyoosha miguu ikunje. Hapo kale alikuwapo Bi Kindi, mjane, mdogo wa mwili, mkubwa wa mipango. Alikuwa na binti mmoja, Mwanamkasi, aliyechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya bonde. Na kwa kindi wa nchi ile, mama wa bibi harusi ndiye hupeleka mtungi wa kinywaji kwa wakwe. Mtungi usipofika, bibi harusi hapokewi.

Mwaka uliopita mtungi haukufika. Bwana Nyani, jirani mwenye kifua kipana na tumbo lisilojua kutosheka, aliuinamia akaunywa, gugu gugu gugu, mpaka chini. Mwanamkasi akarudi nyumbani na mapambo yake, akalia mpaka macho yakavimba. Wakwe wakasema watangoja kaskazi moja tu, kisha kijana wao ataoa kwingine.

Kaskazi ikaingia. Bi Kindi akatoa divai ya zabibu aliyoiweka tangu mavuno. Akamenya nanasi, akalitia. Akamenya embe, akalitia. Akakata machungwa na maganda yake, akayatia. Kisha akafungua viungo vya Kihindi alivyoletewa na Kunguru wa mjini, yule anayelala juu ya paa la duka la viungo na kujipimia mwenyewe. Akatwanga mdalasini, tu tu tu. Akatwanga iliki, tu tu tu. Akatwanga tangawizi, tu tu tu. Akafunika mtungi, akauacha kivulini.

Asubuhi ya harusi akaufunua kidogo. Harufu ikamzunguka, akafurahi peke yake kama mtoto aliyeshonewa nguo mpya. Lakini harufu haina adabu. Ilitoka, ikapanda mtini, ikaingia puani mwa Bwana Nyani. Akashuka, puu, akasimama mbele ya mtungi.

"Shikamoo, mzee," akasema Bi Kindi.

Nyani akaitikia marahaba bila kumtazama. Akasema ana kiu, na kiu ya mkubwa haingoji harusi ya mdogo.

Bi Kindi angemzuia kwa kitu gani? Kwa mkia? Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, naye akampisha. Lakini alipokuwa akimpisha, akavuta kikapu chake cha karafuu.

"Kunywa, mzee wangu, nani akukataze," akasema. "Ila divai ya viungo kwangu ina mila yake. Mnywaji hutafuna karafuu kwanza, kinywa kinukie. Mtu wa kawaida hutafuna moja. Mwenye cheo, mbili."

"Na mimi?"

"Wewe sijui, mzee. Sijawahi kumpokea mkubwa kama wewe."

Nyani akatia mkono kikapuni, akatoa konzi nzima. Kacha, kacha, kacha. Akaongeza konzi ya pili, kwa ajili ya heshima. Machozi yakamtoka, akasema ni ya furaha.

Nyinyi mliowahi kuumwa jino mnajua kazi ya karafuu. Ulimi wa Nyani ukafa ganzi. Ufizi ukafa ganzi. Mashavu yakafa ganzi, na puani hakusikia ila karafuu tupu. Akateka kata moja, akanywa. Hakusikia kitu. Akateka ya pili, hakusikia kitu.

"Bi Kindi, haya ni maji," akasema, ulimi mzito kama ubao.

Bi Kindi akashika tama. "Mzee akisema ni maji, mimi nani niseme ni divai?"

Akalalamika kwamba sasa hana cha kupeleka ila cha kunawia miguu, na hata hicho hakiwezi, kwa maana mtungi ule kindi ishirini wangeubeba kwa taabu. Laiti, akasema, angekuwa na kifua kama cha mtu fulani.

Nyani akakitazama kifua chake. Akakipiga, du du du, akajitwika mtungi. Akashuka bonde, akihema. Akapanda ng'ambo, akihema. Nyuma yake Bi Kindi, na nyuma ya Bi Kindi, Mwanamkasi na kanga yake mpya.

Wakwe walifunua mtungi, wakaonja, vigelegele vikapanda mpaka vikawaamsha popo. Mwanamkasi akapokewa, na safari hii aliyelia ni mama yake, kwa furaha. Mchukuzi naye akapewa kikombe chake, kilichojaa. Akakikataa. Akasema hakupanda mlima mzima ili aje kunywa maji.

Akashika njia ya kurudi. Alipofika chini bondeni, ganzi ikamtoka. Tone moja la mtungini lilikuwa limemkaukia begani, akalilamba. Akasikia nanasi. Akasikia embe. Akasikia iliki, ikishuka taratibu.

Alirudi mbio, akapanda kilima kwa miguu na mikono. Akakuta mtungi umesuuzwa, umefudikizwa juani.

"Karibu, mzee," akasema Bi Kindi. "Yale maji yamekwisha."

Basi, watoto, funzo la ngano hii ni hili: waheshimuni wakubwa, wala msibishane nao kamwe. Mkubwa akisema divai ni maji, kubalini. Kisha mtwikeni.

Ngano yangu imevuka bonde, imetua. Aliyesikia amekunywa, na aliyesinzia asiniulize kesho nani kamaliza.