Dawa ya Ngoma ya Fisi

Mwaka ule mvua iliupita mji wa Mbugani kana kwamba haijawahi kuusikia. Mto ulikauka, kikabaki kisima kimoja kilichotoa maji safi kidogo kila asubuhi, halafu tope. Waliotangulia walikunywa, waliochelewa walilamba.

Nani atangulie? Mbugani jambo hilo huamuliwa kwa ngoma. Kila mwaka baada ya mavuno, hata kama mavuno yenyewe ni mabua, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kimoja mashariki mwa uwanja, kingine magharibi. Watazamaji huenda wanakovutiwa. Jua likizama, kikundi chenye watazamaji wengi ndicho mshindi, na ukoo wake ndio unaotangulia kisimani mwaka mzima. Mwiko ni mmoja: usimvute mtazamaji kwa chakula. Mvute kwa mguu na sauti.

Zamu ya mwaka huo ilikuwa ya Fisi, aliyeshinda ngoma iliyopita. Ukoo wake ulikunywa, ukaoga, kisha ukakaa palepale kuwacheka wengine. Mama Kanga, mwimbaji wa kikundi cha Sungura, alikuwa na vifaranga ambao shingo zao zilishaanza kulala.

"Kaka Sungura," alisema, "tukishindwa tena, hawa wanangu hawatafika mwakani."

"Wewe imba, dada," Sungura alimjibu. "Mengine niachie mimi."

Siku ikafika, na hata kiu haikuweza kuuharibia mji siku yake. Njuga zililia tangu asubuhi. Nyani alipiga ngoma kwa mikono na miguu. Twiga alisimama nyuma kabisa akaona kuliko wote. Tembo aliombwa kwa heshima asicheze, maana mwaka fulani alicheza na uwanja ukabaki na shimo. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Simba, alichelewa kama wageni rasmi wote, akahutubia kuhusu yeye mwenyewe mpaka manyoya yake ya shingoni yakajaa vumbi. Alipiga chafya, watu wakapiga makofi, naye akadhani wamependa hotuba.

Sasa, kabla ya kucheza, kila kiongozi huzika dawa ya ngoma upande wake. Ni desturi, na hakuna anayeuliza umezika nini. Sungura alizika majani ya mwarobaini, basi tu, asionekane mkaidi. Fisi alizika chungu kizima. Chini aliweka makaa ya moto, juu yake mbavu za nyati aliyemkuta porini amekufa kwa kiu, akafunika kwa majani na udongo mwepesi.

"Dawa yako inafuka moshi, Bwana Fisi," Sungura alimwambia.

"Dawa kali lazima ifuke," alijibu Fisi huku akimeza mate.

Ngoma zikaanza. Mama Kanga aliimba vizuri, lakini koo lilikuwa kavu na sauti ikamkatika katikati. Watazamaji wakaanza kuhamia kwa Fisi, ambako wachezaji walishiba maji na walikuwa wanaruka wanavyotaka. Jua lilishuka. Kanga aliwatazama wanawe, akaogopa kwelikweli.

Mafuta ya nyati nayo yakaanza kudondokea makaa. Harufu ikapanda. Fisi alitabasamu kwa meno yote, akijua kazi imekwisha. Ni nani duniani asiyependa nyama choma?

Sungura akasimamisha mguu hewani, akanusa, kisha akauliza kwa upole, lakini kwa sauti ya kufika mbali: "Bwana Fisi, kwani hapo anachomwa nani?"

Swala aliacha kupiga vigelegele. Nyumbu akageuka kumtafuta mkewe. Punda Milia akaanza kuhesabu watoto, akakosea, akaanza upya.

"Ni dawa tu," Fisi akasema.

"Dawa ya nini?"

"Ya mizizi."

"Mizizi yenye mafuta," Sungura alisema. "Mama Swala, shemeji yako umemwona leo?"

Fisi alibanwa. Akisema ni nyati aliyejifia porini, amekiri kuvunja mwiko. Akikaa kimya, amechoma shemeji wa mtu. Akakaa kimya. Mara Swala wakaruka, Nyumbu wakafuata, na wala majani wote, ambao ndio karibu mji mzima, wakavuka uwanja kwa kasi na kujazana kwa Sungura.

Upande wa Fisi alikuja mmoja tu. Mheshimiwa Simba aliacha kiti chake, akafukua chungu kwa ukucha mmoja, akala ubavu mmoja mmoja bila kumkaribisha mtu. Alipomaliza, jua lilikuwa limezama. Alijifuta midomo, akautazama uwanja.

"Wengi wako kwa Sungura," akatangaza. "Ila dawa ya Fisi nimeipenda. Ina chumvi kidogo."

"Mheshimiwa, hata mfupa?" Fisi aliuliza.

"Mfupa wa nini? Si umesema ni mizizi?"

Kesho yake vifaranga wa Kanga walitangulia kisimani, wakanywa mpaka matumbo yakawa duara. Fisi alifika mwisho wa foleni, akalamba tope, bado anashangaa ilikuwaje mji mzima ukaikimbia nyama. Hakuwahi kufikiri kwamba mle uwanjani wengi waliosikia harufu ile walijinusa wenyewe.