Marumaru za Senkondo

Mgane mmoja wa milimani, jina lake Senkondo, alibaki peke yake katika nyumba yenye sakafu ya udongo. Mkewe, Nakijwa, alikuwa amefariki, na Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Nyumba yenyewe ilikuwa nzima. Bati halivuji, mahindi yapo darini. Kilichomtesa kilikuwa chini ya miguu yake.

Sakafu ile ilikuwa haisahau. Kando ya meko palikuwa na kishimo, mahali Nakijwa alipoweka kigoda chake miaka nenda miaka rudi. Kutoka kitandani hadi mlango wa uani palikuwa na njia iliyochimbika kidogo, maana Nakijwa ndiye aliyekuwa akiamka kwanza. Na sebuleni kote udongo ulikuwa umebonyea hapa na pale kwa viti vya wageni. Mtu mwingine angeingia asione kitu. Senkondo, kila mguu wake ulipoingia kwenye kishimo cha meko, moyo ulimuuma upya, akawa anakwepa kupita hapo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kule kwao sakafu haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kila mwaka baada ya mavuno, mwenye nyumba akisema sakafu yake imechoka, majirani walikuja, kila mtu na beseni lake la udongo wa kichuguu. Waliumwaga, wakaunyunyizia maji, wakaukanyaga kwa miguu mitupu wakizunguka chumba mpaka ushikane. Hata aliyenuniana na mwenye nyumba alikuja kukanyaga, na kununiana kukaishia humo humo kwenye tope. Kisha walikula makande, wakaenda zao. Ndiyo maana hapakuwa na mtu pale kijijini aliyeweza kusema sakafu ya nyumba yake ni yake peke yake.

Walipokuja mwaka ule wa msiba, Senkondo aliwazuia barazani. Hakuwa mtu wa maneno makali. Aliwashukuru, akawaambia safari hii hapana, nao wakamwelewa, wakarudi na mabeseni yao. Mwaka uliofuata walituma mtu kumuuliza, akajibu kwamba atafanya mwenyewe. Mlango wa uani, ambao wanawake wa jirani waliutumia kuja kuomba chumvi na kuazima ungo, aliuziba kwa matofali, akasema upepo unaingia. Madirisha alikuwa ameyatia nondo tangu zamani. Ukabaki mlango wa mbele, na mtu akipiga hodi Senkondo hakuitikia karibu kama watu wengine. Alisema nakuja, akatoka, akasimama naye nje mpaka mazungumzo yaishe. Na mazungumzo ya kusimama hayachukui muda.

Ndipo alipoteremka mjini akarudi na marumaru. Zilikuwa nyeupe, za kung'aa, zile zisizobonyea hata zikikaliwa na ukoo mzima. Chache zilikuwa na ua la bluu katikati, na hizo alizitenga kwa ajili ya mlangoni. Mama Kajiru, jirani aliyekuwa rafiki mkubwa wa Nakijwa, aliziona zikishushwa, akaja kumwambia kwamba mkwewe ni fundi, na kwamba watu wa kubeba mchanga hawatakosekana. Senkondo alimjibu kwamba kupanga mraba kando ya mraba hakumshindi mtu mwenye akili timamu. Alitaka sakafu ambayo hakuna atakayeinyooshea kidole akisema hapa pana mkono wangu. Hayo ndiyo aliyomwambia. Ambalo hakumwambia ni kwamba aliogopa: watu wakijaa mle ndani na kuanza kuzunguka kama zamani, angelia mbele yao, na hakujua kama angeweza kunyamaza.

Basi akafanya mwenyewe. Fundi yeyote angemwambia achimbue kwanza sakafu ya zamani ili mpya ikae chini. Senkondo alishika jembe, akaenda hadi kwenye kishimo cha meko, akasimama. Jembe halikunyanyuka. Akaona heri kufunika kuliko kufukua. Akakoroga saruji na mchanga, akaumwaga mchanganyiko ule juu ya kishimo, juu ya njia ya nyayo, juu ya alama zote za viti, na juu yake akalaza marumaru. Sakafu ikapanda. Yeye hakuona kwamba imepanda, aliona imenyooka. Aliweka pima maji, akafurahi ilivyotulia. Tangu mazishi mikono yake haikuwa imeshiba kazi namna ile, na mtu akiwa na huzuni, mikono ikishiba, hudhani moyo nao umeshiba.

Alimaliza chumbani, akamaliza jikoni, ikabaki sebule. Hapo alifunga mlango wa mbele, kuku wasije wakatembea juu ya saruji mbichi na wapita njia wasichungulie. Mafundi huanzia ukuta wa mbali, wakarudi nyuma taratibu mpaka mlangoni, wakatoka nje kwa watu wanaongoja kusifia kazi. Senkondo hakuwa na wa kumngoja nje. Kitanda chake kilikuwa ndani, uji wake ulikuwa ndani. Akaanzia mlangoni. Akapanga zile za maua kwenye kizingiti, zikabanana na mlango uliofungwa, akarudi kinyumenyume kuelekea chumbani, mraba baada ya mraba, mpaka akafika kilipo chumba chake. Akalala akiwa amechoka na ameridhika.

Asubuhi nyumba ilikuwa imejaa mwanga. Alitembea juu ya marumaru polepole, hakujikwaa popote, akafika mlangoni, akazungusha ufunguo, akavuta. Mlango haukuja. Akadhani mbao zimevimba kwa unyevu, akavuta kwa mikono miwili. Kisha akapiga magoti kuangalia, na hapo akaona. Sakafu yake ilikuwa imepanda juu kuliko ukingo wa chini wa mlango, na mlango ule ulikuwa unafungukia ndani.

Alicheka. Kwa kweli alicheka, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, akageuka kumtafuta wa kucheka naye. Hapo kicheko kikaisha. Akakaa chini, mgongo mlangoni, juu ya marumaru zake za maua, ambazo zilikuwa baridi. Alisikia watu wakipita njiani kwenda shamba. Alisikia mmoja akiuliza mbona huyu bwana leo hajafungua, na mwenzake akijibu kwamba waachane naye, hapendi kusumbuliwa. Wakapita. Senkondo alifungua kinywa aite, akakosa pa kuanzia. Kila jina lililomjia lilikuwa la mtu aliyemrudisha kutoka barazani na beseni kichwani. Upweke aliouona mwaka wa kwanza ulikuwa wa kufiwa, na watu waliujua wakamwonea huruma. Huu wa sasa ulikuwa wa kuujenga mwenyewe, na aliuonea haya.

Jua lilikuwa limeshapita utosini Mama Kajiru alipopiga hodi. Senkondo, kwa mazoea, akajibu nakuja. Akabaki amekaa. Mama Kajiru akangoja, akapiga hodi tena. Ndipo likamtoka Senkondo neno karibu, kwa sauti nyembamba, ya mtu ambaye siku nyingi hajalitumia.

Mama Kajiru akasukuma. Mlango ukakataa. Senkondo, kwa aibu, akamweleza yaliyompata, na yule mama hakucheka. Aliita wapita njia, wakaja wanaume wenye mabega, wakasukuma kwa pamoja. Fremu ikatikisika, lipu ikadondoka, mlango haukusogea hata unene wa ukucha. Senkondo akawahimiza kutoka ndani wasukume zaidi. Wakasukuma zaidi. Akaanza hata kuwalaumu kimoyomoyo kwamba hawasukumi kwa nia, kwamba wangekuwa wanampenda kweli wangekuwa wameshaingia. Mwishowe akaomba waende kuleta shoka, waukate mlango, ila marumaru zisiguswe.

Kisha Mama Kajiru akakaribia mpaka mdomo wake ukawa kwenye upenyo wa mlango, akasema taratibu, "Shemeji, mlango hauna kosa. Kinachouzuia kiko upande wako, na nyundo iko kwako."

Senkondo alikaa akizitazama zile za maua. Ndizo alizozipanga kwa uangalifu kuliko zote, na ndizo zilizokuwa zinamfungia. Angeweza kukaa siku kadhaa, maji yalikuwepo na unga ulikuwepo. Aliliwaza hilo kwa uzito, na msimcheke, wapo waliokaa hivyo mpaka wakazikwa. Nje hakuna aliyemharakisha, wala hakuna aliyeondoka. Alisikia Mama Kajiru akijiketisha barazani, na wale wanaume nao wakijiketisha.

Akainuka, akachukua nyundo na tindo, akapiga ua la kwanza. Lilipopasuka alipasuka naye. Alilia kile kilio alichokikwepa tangu siku ya mazishi, akilia na kuvunja, akivunja na kulia, na watu barazani wakamsikia waziwazi. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Alivunja safu ya kwanza, akavunja ya pili na ya tatu, akachimba na saruji yake, mpaka udongo wa zamani ukaonekana, mweusi na wenye unyevu. Akavuta mlango. Ukaja kwa kukwaruza, ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu.

Mama Kajiru alipita kwa ubavu, na miguu yake ya shamba, akamkuta amesimama katikati ya vipande, vumbi usoni, machozi yamechora mistari. Wale wengine wakafuata mmoja mmoja. Senkondo akawaambia karibuni, safari hii akiwa anawaangalia.

Basi wewe unayelalamika kwamba watu wamekutupa, kwamba siku hizi hakuna anayeingia kwako: umeshainama ukaangalia ni nini kimeuzuia mlango, na ni nani aliyekipanga hapo?