Mwale Mmoja, Fuwele Tatu

Sogeeni, nyie mnaojiona mna akili, niwatege mbele za watu muumbuke.

Karakana moja ilikuwa na mafundi watatu. Tausi alijua leza. Ngwilizi alijua gesi. Mkude alijua sumaku, na kuliko sumaku alijua kudharau watu.

Kwingine, mashine ya kukimbiza elektroni mpaka zitoe mwale wa eksirei huwa ndefu kama mtaa mzima. Hawa waliitaka ikae mezani.

"Hapa tupo mtu mmoja na nusu," Mkude aliwaambia. "Nusu ni nyinyi wawili."

Desturi ya karakana ilikuwa hivi: anayeleta mwale ndiye huweka fuwele yake, chembe iliyogandishwa ya kitu anachokichunguza, mbele ya mwale huo, ipigwe picha ya ndani. Fuwele ya Mkude ilikuwa ya sumu ya nyoka swila. Mdogo wake aliumwa, dawa haikuiweza sumu ile, mguu ukakatwa. Akiiona sumu ilivyoundwa, dawa ya kweli itatafutwa.

Tausi akapiga leza kwenye kibomba cha kioo chenye gesi. Gesi ikageuka plazma, gesi iliyochajiwa umeme, ikaumuka mawimbi. Elektroni? Hata moja haikutoka.

"Tochi hiyo, dada!" Mkude akacheka.

Ngwilizi akachanganya gesi ya pili kidogo. Elektroni zikadandia wimbi, zikatoka mbio, zikatawanyika kama kuku waliofunguliwa banda.

"Muuza gesi, umezimwaga!"

Mkude akapanga sumaku zake, elektroni zipite zikiyumba kushoto na kulia, ziwake. Skrini ya kupokea mwale ikabaki giza.

"Hata spika mbovu ina sumaku, kaka," Ngwilizi akasema. Tausi akacheka mpaka akashika mbavu. Masikio ya Mkude yakawaka moto.

Wapumbavu watatu! Baada ya kila jaribio, kila mmoja alijitenga kurekebisha chake, vya wenzake vikiwa vimezimwa, asiibiwe sifa. Asubuhi moja, kwa kununa, wakawasha vyote, wakarekebisha pamoja. Tausi akafupisha pigo la leza. Ngwilizi akapunguza gesi. Mkude akasogeza sumaku unywele mmoja. Doa jeupe likawaka kwenye skrini: mwale umetoka, umenyooka!

Na kibomba kikapata ufa. Kingestahimili pigo moja tu, picha moja, na kingine hakuna.

"Bila leza yangu, gesi yenu ni upepo," akasema Tausi. "Na baba yangu anakohoa damu, fuwele yangu ni ya kijidudu cha ugonjwa wake."

"Bila gesi yangu, ungemulika ukuta," akasema Ngwilizi. "Yangu ni ya ugonjwa wa mihogo. Kwetu wanang'oa mizizi iliyooza."

"Bila sumaku zangu mngekuwa na elektroni, eksirei mngeiota," akasema Mkude. Akatafuta tusi la kuongeza, akalikosa. "Mdogo wangu anatembelea gongo," akasema taratibu.

Haya, wajuaji! Msiniletee habari za kugawana. Mwale haukatwi vipande kama muwa. Kidole kiko kwenye kitufe, ufa unatambaa. Mngeweka fuwele ya nani?